Naomba ushauri: siku moja ya kuongozwa mjini Palermo

Mwanamvita: Ndugu zangu, mwezi ujao nitakuwa Palermo, Sicilia, kwa siku moja tu. Ningependa kuona Cappella Palatina, kanisa la ikulu lililoagizwa na Mfalme Roger II mwaka 1132, ambalo kuta zake zimepambwa kwa vijiwe vya dhahabu huku dari yake ya mbao ikiwa kazi ya ustadi wa Kiislamu. Kisha kanisa kuu, jumba la Zisa na soko la Ballarò. Je, muda utatosha? Usingizi umenipaa.

Bi Saada: Mwanangu, anzia Ballarò. Mimi nilikula panelle pale, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, nikakumbuka bajia za marehemu mama yangu hadi machozi yakanitoka. Makanisa nimeyasahau, panelle sijazisahau.

Msafiri wa Tanga: Ikulu, kanisa kuu na soko viko jirani, ila Zisa iko mbali kidogo. Lakini mtu anayejitembelea hakosi usingizi kwa sababu ya ratiba. Unakwenda na nani?

Mwanamvita: Ni kweli, sikueleza yote. Ninawaongoza wazee kumi na mmoja wa chama chetu hapa Ujerumani. Wamenilipa, nami sijawahi kufika Palermo.

Mwalimu Juma: Umepokea fedha za watu wazima kwa kazi usiyoijua! Hiyo ni amana, kaka. Isitoshe, nchini Italia kuongoza watalii ni kazi ya wenye leseni.

Mwanamvita: Tiketi zimeshakatwa, na sehemu kubwa ya fedha ni nauli. Nimesoma kwa miezi minne. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alifanya kazi katika baraza la Roger, na kitabu chake cha jiografia, kilichokamilika mwaka 1154, kinaitaja Malindi na Mombasa. Nani mwingine atawaeleza wazee wetu, wakiwa wamesimama palepale, kwamba miji yao iliandikwa humo?

Jicho Kavu: Kisa hiki kimetungwa. Jana alikwenda peke yake, leo ana wazee kumi na mmoja, na maelezo yake yamenyooka kama ya mtu anayetuuzia safari.

Msafiri wa Tanga: Kiwe kimetungwa au la, jibu ni lilelile. Mkodishe kiongozi mwenye leseni awaingize ikuluni na kanisani asubuhi, uiache Zisa, kisha uwakalishe wazee chini ya minazi ya Villa Bonanno, bustani iliyo mbele ya ikulu, uwasimulie habari za al-Idrisi kama mwana anavyozungumza na wazee wake.

Bi Saada: Ile si minazi, baba, ni mitende. Kivuli chake ni chembamba, wabebe kofia.

Mwanamvita: Sikutunga. Mmoja wa wazee hao ni mama yangu, mzaliwa wa Malindi, na magoti yake hayamruhusu kutembea sana. Nimemwambia kwamba kanisa kuu lina nguzo yenye aya ya Kurani, naye anataka kuigusa. Nitamtafuta kiongozi huyo leo. Nguzo hiyo inafikika?

Jicho Kavu: Niwie radhi, ndugu yangu. Iko nje, kwenye baraza ya kusini, ya kwanza upande wa kushoto unapolikabili kanisa. Mpeleke mama huko kwanza, kabla miguu haijachoka.