Kurudisha msitu wa asili kwenye malisho: tununue miche au tufunge ngitili (malisho yanayopumzishwa kwa msimu)?

Swali: Ndugu zangu, familia yetu ina ekari 40 za malisho wilayani Kishapu, ambako pamebaki vumbi na visiki. Tukitaka msitu wa asili urudi na kuhifadhi kaboni, tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu, kagua visiki kwanza. Kisiki kinachochipua kina mizizi hai inayofikia unyevu wa chini, hivyo ukibakiza machipukizi mawili yaliyonyooka na kupunguza mengine, yatakua haraka kuliko mche wowote wa kitaluni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulifufua maelfu ya hekta hasa kwa kurudisha ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe.

Jibu: Naunga mkono, ila ng'ombe wasifukuzwe kabisa: ngitili hufungwa masika, hufunguliwa kiangazi majani yakiwa yamekomaa. Fedha za kaboni, yaani malipo ya kuhifadhi hewa ya ukaa kwenye miti, msizitegemee peke yenu, kwani kwa ekari 40 tu gharama za upimaji na uhakiki zitazimeza. Shirikianeni na kijiji.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Asubuhi hii nimekuta kisiki cha mgunga kina machipukizi ya urefu wa kiganja, ncha zote zimeliwa na mbuzi. Nimekizungushia miiba.