Nimemwandikia ripota mara tatu, kimya. Nakosea wapi?

Mwalimu wa Jioni: Habari zenu wadau. Tuko wanne, tunajitolea kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nimemwandikia mara tatu ripota wa habari za mtaani kwetu, kila mara ukurasa mzima: tulivyoanza, malengo, wajumbe wa kamati. Hajajibu. Inaniuma, maana wanafunzi hawa wamejitahidi mno. Nifanyeje?

Ripota Mstaafu: Pole, Mwalimu. Barua za namna hiyo nimepokea nyingi. Kikundi kuwepo si habari. Habari ni kitu kilichotokea au kilichobadilika. Nani darasani kwako ameweza wiki hii jambo ambalo mwaka jana hakuliweza? Anza na huyo. Kamati iache kabisa.

Kichwa cha barua pepe kikisema "Ombi la kutangaza kikundi chetu", mimi nilikuwa nakipeleka idara ya matangazo. Andika tukio lenyewe. Kisha mistari michache: nani, nini, wapi, lini, kwa nini sasa, na namba ya mtu atakayepokea simu. Usiambatishe faili, maana ripota anasoma kwenye simu akiwa njiani.

Mwalimu wa Jioni: Yupo bibi wa miaka 67. Juzi amesoma mwenyewe maelezo ya dawa zake, "mara mbili kwa siku baada ya chakula". Zamani alimsubiri mjukuu atoke shule ndipo asomewe. Hii nayo ni habari?

Ripota Mstaafu: Ndiyo hiyo hasa! Ila muulize yeye kwanza, kabla hujamtaja popote. Jina anakubali? Picha je? Ugonjwa wake usiuandike, hiyo ni siri yake. Na ajue mapema kwamba kwa kawaida ripota hamwonyeshi mtu habari kabla haijatoka. Wengi huumia hapo.

Msoma Magazeti: Naongezea dogo. Ukipiga simu, piga asubuhi, jioni wanafunga kurasa, yaani wanamalizia gazeti la kesho. Akinyamaza, mkumbushe mara moja tu baada ya siku tatu nne, halafu jaribu kwa mhariri.

Mwalimu wa Jioni: Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Jina amekubali, sura amekataa. Anasema ipigwe mikono yake ikiwa imeshika kalamu. Barua nimeiandika upya, mistari sita. Nimemsomea, akaniomba karatasi, akaisoma tena mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Naituma kesho asubuhi.