Gumzo la ukoo: barua ya Doto

*Jumapili, Januari*

Doto: Mwadila wote jaman. Huku Marekani ndo kwanza saa moja asubuhi nakunywa chai. Baba mkubwa naomba msaada wako, shangazi anasema ili wanipokee rasmi kwenye ile ibada yao ya Kiswahili inatakiwa barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wa huko, ileee mtu anapewaga akihama mkoa

Baba Mkubwa: Mwadila mwanangu. Barua ni kazi ya katibu tu, haina shida. Ila nieleze vizuri, mama yako kaniambia unasali kwa Walutheri. Sasa barua inaenda wapi?

Mama Kulwa: Hapo hapo shemeji, mbane. Mi nikiuliza naambiwa mtandao unakata

Kulwa: 😂😂 kikao kimeanza

Doto: Mnisikilize mpaka mwisho ndo mnihukumu. Ibada ya Kiswahili wanakodi kanisa la watu, wanaanza saa nane mchana, na mimi Jumapili saa nane naingia shifti kwenye nyumba ya wazee mpaka saa nne usiku, nimeomba kubadilishiwa naambiwa mgeni ndo anakula wikendi. Halafu ni mbali, basi la kwenda huko Jumapili hamna na leseni sijapata bado nina kile kibali cha kujifunzia tu. Sasa hapa mtaani kwa shangazi kuna kanisa la Walutheri ni kutembea, ibada saa tatu, saa nne na kitu watu washamaliza wako kwenye kahawa, nikaona bora nikasali hapo kuliko kukaa dirishani naangalia theluji. Siku ya kwanza naingia tu mlangoni kuna bibi mmoja wa kizungu nywele zote nyeupe ananishika mkono ananiambia KAMWENE

Kulwa: Nini???

Mjomba Mabula: Hahaha mtoto wa Kirumba anasalimiwa Kihehe Marekani

Doto: Nilibaki mdomo wazi mjomba. Kumbe makanisa ya Kilutheri ya huku St. Paul yana undugu na dayosisi ya Iringa tangu 1987, wanauita hivyo hivyo kwa Kiswahili, Bega kwa Bega. Yule bibi kashafika Iringa, kala ugali, kasukuma gari kwenye matope. Nikamwambia mimi wa Mwanza, akaniuliza ni jirani na Iringa eti. Jumapili iliyofuata kaniletea koti la marehemu mumewe, linanifika magotini, na ndo navaa hilo hilo maana lile nililonunua mtumba Mlango Mmoja huku halifai hata kuchotea maji nje

Mama Kulwa: Mungu ambariki huyo bibi. Lakini Doto, wale si wanabatiza vichanga? Na divai je?

Doto: Wanabatiza ndio mama, mi nishabatizwa ziwani naogopa nini. Kwenye meza ya Bwana ipo divai na ipo juisi ya zabibu, nachukua juisi

Mama Kulwa: Mh

Doto: Na mchungaji ni mama, nasema kabisa msije mkasikia kwa watu

Kulwa: 👏👏 safi sana

Mama Kulwa: Kulwa nyamaza

Baba Mkubwa: Hilo tuliache, kila nyumba na utaratibu wake. Mimi mzee wa kanisa nawakumbusha kitu kimoja, AIC yetu hii, Africa Inland Church, imeanzia Nassa hapo kwenye ghuba ya Speke mwaka 1909, na waliokuja kuianzisha ni wamisionari wa AIM, yaani Africa Inland Mission, wengi wao wanatoka huko huko Marekani. Walipofika babu zetu hawakuwauliza barua. Sasa mtoto wetu akiingia kanisani kwao tumeanza kuuliza juisi na divai?

Mjomba Mabula: Naunga mkono. Doto ni kweli ziwa la huko linaganda gari linapita juu? Nimewaambia watu hapa mwaloni wameniita muongo

Doto: Kweli mjomba. Barafu ikifika inchi 4 mtu anatembea, ikizidi kama inchi 10 hivi kigari kidogo kinapita, watu wanatoboa shimo wanakaa na ndoano kwenye kibanda wanavua

Mjomba Mabula: Sasa dagaa anatokaje hapo

Doto: Dagaa hamna mjomba. Na hapo kaskazini kuna ziwa Superior, kwa eneo linaizidi Victoria, karibu kilomita za mraba 82,000, letu ni 68,000 na kitu

Mjomba Mabula: Hapo sasa umeanza kujivunia kwa watu

Shangazi Kabula: Mwadila kaka, mwadila wifi. Nimesoma yote nikanyamaza. Mimi sijamkataza Doto kusali popote na hilo koti nalishukuru, kwanza limeniokolea pesa. Ila watu wa ibada yetu wananiuliza, mtoto wa kaka yako tunamuona wapi? Wale ndo Watanzania, Wakongo, Wakenya, tunapika pilau tunakula pamoja. Na kuna kitu Doto bado mgeni hakijui. Huku ukifiwa hamna jirani anakuja na kuni wala turubai. Mwaka juzi alifariki kijana wa Musoma hapa, hana ndugu, mwili umekaa wiki na wiki hela ya kuusafirisha hamna. Waliopita na daftari ni watu wa ile ibada, wabeba boksi wenzetu, mtu anatoka shifti ya usiku anakuja kutoa dola 50 yake. Wale wa kamwene walileta maua na kadi nzuri, siwabezi, ndo desturi yao. Lakini maua hayapandi ndege kumfikisha mtu Musoma. Ndo maana nasema barua, maana jina likiwa kwenye kitabu na michango ya mwezi unatoa, hata likitokea jambo hakuna wa kuuliza huyu ni wa nani

Mama Kulwa: Wifi usiseme mambo ya msiba jaman mtoto yuko mbali

Shangazi Kabula: Nayasema kwa sababu yuko mbali

Kulwa: Bibi yetu kasikiliza nimemsomea, anasema andikeni: huyo mtoto ajiandikishe kwa watu wake na aendelee kusali na yule mwanamke aliyempa koti, na Kabula amuachie chumbani joto, kasikia eti hita inazimwa usiku

Shangazi Kabula: 😂 Mama naye! Haizimwi inapunguzwa, bili yake asikie tu

Doto: Bibi shikamoo. Baba mkubwa basi barua ije kwa ibada ya Kiswahili. Shangazi michango nitaanza mwezi huu, na Jumapili nikipangiwa zamu ya usiku nakuja naosha sufuria zote. Asubuhi naendelea hapa mtaani. Ila jaman nimeumisi mnada wa sadaka kanisani, huku sahani inapita kimya kimya, hamna wa kupandisha kuku mpaka afikie bei ya mbuzi

Mama Kulwa: Hapo umeongea mwanangu. Kuna mtu wa Buzuruga anarudi huko mwezi ujao nimuwekee michembe ya viazi?

Shangazi Kabula: Weka wifi, na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. Ila mwambie forodhani aseme amebeba chakula, asifiche, wanapiga faini. Na nyama asithubutu

Baba Mkubwa: Nimeongea na katibu sasa hivi. Barua iko tayari kuandikwa, tatizo mhazini. Anasema Doto aliahidi mifuko mitano ya saruji ya ukumbi, akapanda ndege. Barua haitoki

Kulwa: 💀💀💀

Doto: Jaman hiyo ahadi niliitoa nikiwa sina hata kazi! Haya Kulwa nakutumia sasa hivi, usitoe ya vocha humo

Kulwa: Ya bodaboda je

Baba Mkubwa: Apeleke saruji siyo hela, risiti anipe mimi. Jumanne katibu yupo, naifuata barua mwenyewe