Dijei: harusi za kina mama, hoteli ya ufuoni au kipindi cha redio usiku? Nipimieni

BintiMajengo
Assalam aleikum jamaa. Naomba ushauri, hasa kwa aliyewahi kuifanya kazi hii au anayeishi na mtu anayeifanya.

Mimi napiga muziki kwenye harusi za wanawake, mwaka wa nne huu. Asiye wa Mombasa nimweleze: usiku wa kupamba wanaume hawaingii ukumbini. Mpiga picha ni mwanamke, wahudumu ni wanawake, simu haziruhusiwi kutolewa. Basi na dijei ni lazima awe mwanamke, na sisi tunaoifanya kazi hii tu wachache. Kazi ninazo, alhamdulillahi. Wiki tatu za mwisho kabla ya Ramadhani nilipiga harusi tisa.

Sasa yamenijia mawili kwa mpigo. Hoteli moja ya Bamburi yataka dijei wa siku tano kwa wiki, mkataba wa miezi sita. Na kituo kimoja cha FM hapa mjini chanipa kipindi cha muziki wa kuchezesha, yaani hausi, amapiano na bongo fleva, Ijumaa na Jumamosi, saa 4 usiku hadi saa 7. Redio wasema miezi mitatu ya kwanza ni nauli tu. Zote tatu siziwezi, maana siku hizo ndizo za harusi. Mamangu ataka nibaki kwenye harusi. Roho yangu iko redioni tangu utotoni.

DekiMbili
Dadangu, hoteli nimefanya miaka sita, Diani kisha Nyali. Pesa yake ni ya msimu. Desemba hadi Machi utaona umefika. Mvua ya masika ikishuka Aprili, wageni wanapungua na zile siku tano zinakuwa mbili. Usisaini kabla hujaona mkataba wasemaje juu ya miezi hiyo.

Zuri lake ni kwamba vyombo ni vyao, hubebi spika kwa tuktuk saa 9 usiku. Na unajifunza kusoma watu usiowajua kabisa: mzee wa miaka 70 na mjukuu wake kwenye sakafu moja, na wewe utafute wimbo utakaowainua wote wawili. Hilo halifundishwi popote. Lakini jina lako halivuki lango. Mgeni akipanda ndege kurudi kwao amekusahau, na mjini hakuna anayejua kwamba upo.

Mzee wa Kaseti
Mwanangu, nilikaa nyuma ya maiki miaka 11, na kabla ya hapo nilipiga disko. Watu hudhani dijei mzuri ni mtangazaji mzuri. Hizo ni kazi mbili.

Ukumbini wawaona watu. Wimbo ukiwachosha, miguu yao yakwambia. Studioni kuna taa nyekundu, kioo na saa ukutani. Usiku wangu wa kwanza niliunganisha nyimbo dakika 40 bila kufungua mdomo, kama nilivyozoea. Mkuu wa vipindi akaingia taratibu akaniambia, "Aliyefungua redio sasa hivi hajui yuko kituo gani wala anasikiliza nani." Nikajua sijaanza kazi bado.

Nyimbo za kuchezesha huanza na ngoma tupu, sekunde 30, wakati mwingine dakika nzima. Mtunzi aliziweka pale ili dijei apate pa kuunganishia. Redioni ndipo pa kusemea, na ni sharti uwe umenyamaza kabla mwimbaji hajaanza. Nilijizoeza nyumbani Tudor na saa ya mkononi: jina la kituo, saa ngapi, jina la wimbo, kimya. Sekunde 12. Na sauti yako ni daraja pia kati ya wimbo na wimbo. Amapiano nyingi zaenda mapigo kama 112 kwa dakika, hausi 124. Deki zetu za zamani za Technics, zile za kuzungushia santuri, zilikubali kuongeza kasi kwa asilimia 8 tu, kwa hivyo ile 112 haifiki hata 121. Ukumbini ilikuwa shida kuvuka hapo. Redioni nasema maneno mawili, naingiza wimbo wa pili, na msikilizaji hajakwazika.

Saa 4 usiku nayo usiidharau. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zawalinda watoto kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Kuanzia hapo una uhuru mkubwa zaidi wa nyimbo kuliko mtangazaji wa mchana.

Tena tazama waliodumu. Annie Nightingale aliingia BBC Radio 1, redio ya muziki ya Uingereza, mwaka 1970, mwanamke wa kwanza kutangaza pale, na alikuwa bado ana kipindi chake alipofariki Januari 2024, na umri wa miaka 83. Dijei Pete Tong alianza hapo hapo kipindi chake cha Ijumaa jioni mwaka 1991, saa ambayo watu wanapiga pasi nguo za kutokea, kisha mwaka 1993 akaanzisha saa mbili za miksi kila wiki. Dijei mwengine, Annie Mac, alikaa hapo hapo 2004 hadi 2021, na muda wote huo alikuwa akipiga kwenye sherehe. Redio ndiyo iliyowajazia kumbi. Mimi nasema chukua redio.

DekiMbili
Mzee wangu, shikamoo, lakini hao usiwaweke mizani moja na huyu dada. BBC huendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na nyumba zenye televisheni. Kituo chetu cha FM chaishi kwa matangazo ya biashara, na saa 4 usiku wafanyabiashara wachache hununua nafasi. Hiyo "nauli tu" yatoka hapo.

Nami yamenikuta. Kituo kimoja, sikitaji, kiliniambia miezi mitatu ya nauli. Ikawa 14. Nilipodai mshahara, wiki iliyofuata nikasikia mtu mwingine kwenye saa yangu, na kile kibwagizo nilichokitengeneza kwa kompyuta yangu bado chalia. Sikuwa na karatasi hata moja. Dada, wakuandikie barua: miezi mitatu yaisha tarehe gani, baadaye walipa ngapi, ukileta mdhamini wa kipindi wapata fungu gani, na miksi zako ni za nani.

Mzee wa Kaseti
Hapo sikubishii. Barua kwanza.

UmmuKhaltham
Mie ni mpambaji wa maharusi, miaka mingi. Mwanangu, sisi tukitafuta dijei hatuulizi redio. Twauliza nani alipiga harusi ya fulani. Bibi harusi anapoingia, ukumbi wote wasimama, na dijei akichelewa sekunde tatu kila mtu azisikia. Tena ajue kutoka taarabu kwenda chakacha bila kina mama kukaa chini, na ajue saa ya kupunguza sauti nyanya wapate kuzungumza. Ukiadimika miezi mitatu, nafasi yako ina mwenyewe.

Jambo jengine ni amana. Kina mama wakuamini ndani ya ukumbi wao kwa sababu wajua hutoi neno nje. Ukiingia redioni, usije ukasema hewani "jana nilikuwa harusi ya nyumba fulani", hata kwa kusifu. Siku hiyo utakuwa umejifungia milango yote ya Mji wa Kale. Lakini harusi zetu si za usiku mmoja. Jumapili zipo, na kati ya wiki pia zipo. Waombe redio siku moja badala ya mbili.

Na hoteli iache. Ramadhani yasogea nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imeangukia ndani ya msimu wa wageni. Utafunga mchana, usiku upige watu wakinywa. Wewe mwenyewe wajijua, lakini mie nimekwambia kama mzazi.

Likoni_Usiku
Mimi si dijei, nafanya zamu ya usiku bandarini, Kilindini. Redio twafungulia kwa simu, tunaiweka ndani ya kikombe cha bati ili sauti ikue. Miksi nzuri zimejaa kwenye simu, hizo hazinishughulishi. Ninachokosa ni mtu. Watangazaji wengi wa usiku wazungumza kama wako Nairobi. Saa 7 usiku, mtu amekaa juu ya pipa akingoja kreni, akisikia sauti ya kike ya Kimvita ikimuuliza "mwaonaje huko?", hatabadilisha kituo. Anza, tutasikiliza.

BintiMajengo
Nimewasoma wote mara mbili, Mungu awalipe. Hoteli nimeitoa. Leo nimekwenda kituoni nikaomba Ijumaa peke yake na barua yenye yale manne ya DekiMbili. Ijumaa wamekubali. Barua wameniambia Jumatano, na nimewaambia wazi siingii studio bila hiyo. Jumamosi na Jumapili zabaki za harusi, na Bi UmmuKhaltham, neno lako la amana nimelishika.

Ile ya sekunde 12 nimeanza jikoni. Bado nafika 17. Mamangu ndiye ashikaye saa.