Simulizi ndefu za kweli kwa Kiswahili: nianze na ipi?

Msomaji wa Mlandizi: Wakuu, habari za jioni. Riwaya nimezisoma mpaka zimenitosha. Sasa nataka kitu cha kweli, kirefu, kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, siyo tafsiri. Nimebakiza vitatu: maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, aliyoyasimulia mwenyewe, Wasifu wa Siti Binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, wa Shaaban Robert, na Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi. Nasoma usiku tu watoto wakishalala, kwa hiyo kikinilaza na mimi nakirudisha kabatini. Mwenye cha nne aseme, hata insha napokea.

Kijana wa Vuga: Adam Shafi, bila kufikiri mara mbili. Kijana anaondoka Unguja mfuko mtupu, anaitafuta Ulaya kwa kupitia Kenya, Uganda, Sudan mpaka Misri. Kiswahili chake cha barazani, kinakwenda chenyewe. Siti ni kizuri, ila Shaaban kila baada ya hatua mbili anasimama kukupa nasaha.

Bi Mkasi: Wewe kijana, nasaha zimekukosea nini? Mtoto wa Fumba, anatembeza vyungu vya udongo mjini, shule hakuiona, halafu 1928 anapanda meli kwenda Bombay kuimba kwenye santuri, na santuri zenyewe zinauzwa pwani nzima. Watu walimtungia wimbo wa kumcheka kwamba katoka shamba na kaniki zake. Mtu kama huyo ukimwandika usitoe nasaha, utatoa nini? Mlandizi, anza na Siti. Ni chembamba, usiku chache tu umekimaliza.

Kijana wa Vuga: Shikamoo bi mkubwa. Sijasema kibaya. Nimesema mwandishi haachi mhusika apumue.

Wa Muscat: Mnazunguka mbuyu. Hapo kuna kitabu kimoja tu ambacho mwenye mambo anasema mwenyewe bila haya, nacho ni cha Hamed bin Muhammed, huyo Tippu Tip. Anaanza akiwa na miaka 12, safari za karibu, biashara ya sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti. Baadaye ndiyo pembe za ndovu, bara, Manyema huko Kongo, na Wazungu wote mliowasoma shuleni wanapita mlangoni kwake: Livingstone, Cameron, Stanley. Nendeni pale anapofika Utetera, nchi ya huko huko Kongo. Amesikia kwamba zamani mabinti wa ukoo wa mtawala walitekwa vitani wakapelekwa mbali. Anajitokeza na kudai kuwa mmoja wao ni bibi yake, yeye ni mjukuu, karudi nyumbani. Mzee Kasongo, mtawala wa hapo, anamwamini na kumwachia utawala! Na anayasimulia hayo kwa utulivu kabisa, kama anayekwambia alivyopata punguzo la bei dukani.

Wakili Bubu: Mjanja, sawa. Ila tusisahau huyo bwana alikuwa anauza watu. Nilikisoma chote nikitafuta sentensi moja ya majuto, sikuiona. Frasila za pembe, yaani uzito wake, anazikumbuka safari kwa safari; walioibeba hiyo pembe begani hata majina hawana. Mimi namshauri Mlandizi akisome, lakini asikisome peke yake. Akimaliza achukue Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kimetoka 1934, aone upande wa waliofungwa minyororo. Hicho nacho kina kasoro yake, Waingereza mle ndani wametakata kupita kiasi.

Wa Muscat: Nakubali. Sikusema ni mtu mwema, nimesema anasimulia vizuri.

Msomaji wa Mlandizi: Kiswahili chake kinasomeka lakini? Ni cha zamani mno.

Wa Muscat: Kinasomeka. Utakutana na "nalikwenda" na "thenashara", baada ya kurasa chache sikio linazoea. Aliyekitoa kwa herufi za Kirumi ni Mjerumani, Heinrich Brode, Berlin, 1902 na 1903. Toleo rahisi kwako ni la Whiteley, lina Kiswahili na Kiingereza pamoja. Ukikwama unachungulia upande wa pili. Majina ya watu na vijiji ndiyo yatakayokuchosha, yaruke.

Mwalimu wa Zamu: Cha nne hiki hapa: safari ya Selim bin Abakari, 1896, anafuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na kote huko anatazama kwa jicho la mtu wa pwani. Watu wanamshangaa yeye, yeye anawashangaa wao. Kimo ndani ya Safari za Wasuaheli cha Velten, 1901. Kwa urefu ni cha usiku mmoja, ndiyo maana ningekiweka mbele ya vyote. Na kwa insha, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania ya Mwalimu Nyerere, 1993. Amekasirika, amewataja viongozi kwa majina, na hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano anaichambua kipengele kwa kipengele. Ukimpinga, utalazimika kujipanga.

Bi Mkasi: Huyo Selim sikumjua. Mwalimu, nakala umeipata wapi?

Mwalimu wa Zamu: Maktaba ya chuo, bi mkubwa, na haitoki nje. Chapa ya 1901 imeshapigwa picha na ipo mtandaoni, ila maelezo yake ni ya Kijerumani. Ruka hayo, hadithi yenyewe ni Kiswahili.

Msomaji wa Mlandizi: Basi leo Selim, kesho Siti. Tippu Tip nitamsoma wikiendi nikiwa na akili timamu. Kijana wa Vuga usinune, Adam Shafi namchukua safari ya Mwanza.