Chujio la kufunguka kwa mkono kwenye mfereji wa jikoni: linafaa, na lifungwe wapi?

Mkaazi wa Fuoni anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba nasaha za wenye ujuzi wa mifereji, hasa mafundi waliozoea nyumba zetu za Unguja na Pemba zinazotegemea tangi la juu. Kwetu maji huingia kutoka paipu ya mtaani, hujaza tangi la chini, kisha pampu huyapandisha kwenye tangi la plastiki lililowekwa juu ya dari ya zege, na kutoka hapo hushuka yenyewe hadi jikoni na chooni. Kila yanapokatika na kurudi, na zaidi wakati wa masika, mfereji wa jikoni hutoa chembe nyekundu zinazofanana na kutu, mchanga mwembamba, na vipande vidogo vyeupe ambavyo nimeshindwa kuvitambua. Mfereji wenyewe ni wa kisasa, wa shingo ndefu inayogeuka, na mdomoni mwake mna kichujio kidogo kilichofungwa kwa hesi (mistari ya kusokotea). Kichujio hicho huziba mpaka maji yakaruka upande, na kila mara lazima aitwe fundi mwenye plaizi kwa sababu hakishikiki kwa vidole.

Fundi aliyekuja mara ya mwisho ameshauri tukiondoe moja kwa moja, tubaki na mdomo mtupu. Sikuridhika, kwa kuwa chembe hizo zitaingia kwenye sufuria ya wali na kwenye birika la chai. Dukani nimeonyeshwa aina nyingine: kikombe kidogo kinachofungwa mdomoni mwa mfereji, chenye wavu wa chuma ndani na kofia ya kusokota kwa mkono chini yake, ili mwenye nyumba autoe wavu, auoshe na aurudishe bila ya chombo chochote. Ningependa kujua kama chujio la namna hiyo litapunguza maji yetu ambayo tayari hayana nguvu, kama litakaa sawasawa kwenye mfereji wowote, na kama maji yaliyopita humo yanafaa kunywewa na mama yangu, ambaye ni mtu mzima na tumbo lake halistahamili.

Fundi wa mifereji, Chake Chake:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nasaha ya kukiondoa kichujio na kuacha mdomo mtupu mimi siikubali. Chujio la mdomoni ndilo linalomwonyesha mwenye nyumba yanayoendelea ndani ya paipu zake. Likiondolewa, uchafu haupungui hata kidogo, bali hupita bila ya kuonekana. Lakini pia mafundi wenzangu wanaochoka kulifungua wana sababu, kwa kuwa chujio lisilofunguka kwa urahisi halioshwi, na chujio lisilooshwa hugeuka kuwa mahali pa kutunzia uchafu ambao kila tone la maji lazima lipite juu yake. Kwa hiyo hiyo aina ya kofia ya kusokota kwa mkono naiunga mkono kwa dhati.

Kuhusu nguvu ya maji, hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kitu kisichowafaa. Kichujio ulichonacho sasa huenda kimeundwa kuchanganya maji na hewa, ili yatoke meupe na laini bila ya kurusha matone. Vichujio vya namna hiyo hupimwa kwenye msukumo wa bar 3. Tangi la juu la nyumba zetu halifiki hapo hata kwa mbali, kwa sababu kila mita moja ya kimo cha maji huleta takriban bar 0.1 tu, kwa hiyo tangi ambalo maji yake yako mita 4 juu ya mfereji linakupa bar 0.4, tena kabla ya kupoteza chochote kwenye viungo na kona. Ukifunga humo kitu chenye matundu ya kuvuta hewa, vizuizi vya plastiki na nyavu mbili tatu zilizopandana, maji yatatoka kama machozi. Nunua chujio lenye wavu mmoja wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu ya kiasi cha nusu milimita, na ambao umetengenezwa kwa umbo la kikombe badala ya kibati bapa. Kikombe kina eneo kubwa zaidi la kupitishia maji. Nusu yake ikiziba, nusu nyingine bado hupitisha.

Kuhusu kukaa sawasawa: hapana, halikai kwenye mfereji wowote. Mifereji ya kisasa ya shingo ndefu kwa kawaida ni ya namna mbili. Ikiwa hesi iko ndani ya mdomo, chujio linalohitajika ni la milimita 24 lenye hesi ya nje. Ikiwa hesi iko nje ya mdomo, linalohitajika ni la milimita 22 lenye hesi ya ndani. Ile mifereji yetu ya shaba ya uani, ya kufungia mpira wa kumwagilia, ina hesi ya robo tatu inchi ingawa paipu yake ni ya nusu inchi. Na ile yenye mdomo laini usio na hesi hulazimisha chujio la kubana kwa mpira, ambalo huchopoka maji yakirudi kwa kishindo, kwa hiyo mimi silipendekezi. Usiende dukani na kipimo cha rula. Fungua kichujio cha zamani, uende nacho mkononi, ukijaribishe kwenye hesi ya hicho kipya hapo hapo. Angalia pia kwamba kuna washa ya mpira, kwani hiyo ndiyo inayozuia maji kuvuja pembeni, na ukiwa nayo hakuna haja ya kuzungushia utepe mweupe wa kuzibia hesi. Nyuzi za utepe huo nimezikuta mara nyingi zimenasa ndani ya wavu wenyewe.

Nimalizie na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote haya. Chujio la mfereji liwe la mwisho, lisiwe la pekee. Kwenye paipu inayoshuka kutoka tangi la juu, mahali ambapo mtu mzima anafika kwa mkono bila ya ngazi, fungeni chujio la shaba lenye mguu ulioinama, lile lenye umbo la herufi Y, pamoja na koki moja kabla yake na nyingine baada yake. Mshale uliochorwa ubavuni ufuate mwendo wa maji, na mguu uelekee chini ili uchafu utulie humo. Siku ya kuosha unafunga koki mbili, unafungua kizibo cha mguu, unautoa wavu, na kazi imekwisha bila ya kumwaga tangi. Tena paipu ya kutolea maji isitobolewe chini kabisa ya tangi. Iwe juu kidogo ya sakafu yake, na pawe na koki nyingine ya chini ya kumwagia matope. Nyumba nyingi ninazoitwa, matope ya miaka yamelala kwenye tangi, na watu wanalaumu paipu ya mtaani.

Mwalimu wa kemia, Mjini:

Naomba kuongeza kuhusu vile vipande vyeupe, kwani fundi hakuvigusa, na chanzo chake hubadilisha dawa yake.

Maji yetu mengi hutoka ardhini, kwenye visima na chemchem zilizo ndani ya mawe ya chokaa yatokanayo na matumbawe. Hata maji ambayo Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa paipu yalitoka kwenye chemchem za upande wa Bububu. Maji yaliyopita kwenye mawe hayo hubeba kalisiamu, na yanapopashwa moto au yanapokauka mdomoni mwa mfereji huacha ukoko mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika. Kwa hiyo sehemu ya vipande vyako huenda ni ukoko uliobanduka. Lakini vinaweza pia kuwa mabaki ya plastiki yaliyoachwa na fundi alipokata paipu.

Vitofautishe hivi. Vikusanye kwenye kisahani cha rangi nyeusi, vikauke, kisha vidondoshee siki au ndimu. Vikitoa mapovu, ni chokaa. Zingatia kwamba mchanga mweupe wa pwani zetu nao hutoa mapovu, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni matumbawe na kombe zilizosagika, kwa hiyo tazama pia umbo: ukoko ni magamba bapa yanayovunjika kwa ukucha, mchanga ni punje. Visipotoa mapovu, vitie kwenye gilasi ya maji. Mabaki ya paipu za kuchomelea kwa moto huelea, na mabaki ya paipu za kugundisha kwa gundi huzama. Ukipata plastiki, tatizo litakwisha lenyewe paipu zikisafishika. Ukipata chokaa, halitakwisha, na itakubidi uwe na ada ya kusafisha.

Kusafisha kwenyewe ni kuulaza wavu kwenye siki ya kawaida ya dukani kwa muda wa nusu saa hivi, kisha kuusugua kwa mswaki mkuukuu na kuusuuza. Usiulaze usiku kucha ikiwa kofia yake imepakwa rangi ya kung'aa, kwani tindikali hubandua mng'ao huo. Na nasisitiza kwa kila mwenye nyumba: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hata kwa nia ya kuua vijidudu kwa pamoja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na jiko dogo lenye dirisha lililofungwa ni mahali pa hatari sana kwa jambo hilo.

Mzee wa Makunduchi:

Sisi tangu zamani tunafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa mfereji kwa uzi, na maji hutoka safi. Kwa nini dada huyu aingie gharama ya kikombe na hesi za milimita?

Muuguzi, Wete:

Shikamoo mzee wangu. Kitambaa hakidharauliki. Katika utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh na timu ya mwanasayansi Rita Colwell, na kuchapishwa mwaka 2003, kina mama waliochuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa angalau mara nne walipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Lakini maji yale yalikuwa ya madimbwi na mito, ambamo vijidudu vya kipindupindu hujishika kwenye viumbe wadogo wa majini, na viumbe hao ndio waliokuwa wakinaswa na kitambaa. Tena kitambaa kile kilitumika kuchotea, kikasuuzwa na kuanikwa juani. Kitambaa kinachofungwa mferejini na kuachwa hapo kikiwa kimerowa mchana na usiku hakikauki hata siku moja, na huko ni kuvitunza vijidudu. Ukikitumia, mzee wangu, kifungue kila siku, kifuliwe na kianikwe.

Sasa nimjibu dada kuhusu mama yake, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya niandike. Wavu wa nusu milimita unazuia mchanga na kutu. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa sehemu moja hadi tatu tu kati ya elfu za milimita, kwa hiyo kinapita kwenye tundu hilo bila ya kugusa pembeni. Maji yaliyochujwa mferejini yakawa maangavu bado ni maji yasiyotibiwa. Ya kunywa mama yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili, kisha yapoe ndani ya chombo hicho hicho kilichofunikwa. Au yatiwe dawa ya klorini iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yasubiri nusu saa. Chujio lina faida yake hapa, na ndiyo maana nalipenda: klorini hupotea bure ikishughulika na matope, kwa hiyo maji yaliyochujwa kwanza hutibika vizuri zaidi.

Mkaazi wa Fuoni:

Nawashukuru nyote. Nimevitia vile vipande vyeupe kwenye siki kama alivyoelekeza mwalimu: vingi vimetoa mapovu na ni magamba, na vichache vimeelea kwenye maji. Nimebakiwa na swali moja kwa fundi. Baba anataka chujio la umbo la Y lifungwe kabla ya pampu, ili mchanga usiifikie kabisa, badala ya kwenye paipu inayoshuka. Je, ni sawa?

Fundi wa mifereji, Chake Chake:

Mwambie baba kwamba hofu yake kwa pampu ni ya haki, lakini wavu mwembamba usiwekwe upande ambao pampu inavuta. Ukiziba, pampu itazunguka ikiwa haina maji, na muhuri wake wa kuzuia maji kuvuja utaungua upesi kuliko ambavyo mchanga ungeweza kuuharibu. Upande wa kuvuta wekeni wavu wa matundu makubwa tu, mdomoni mwa paipu iliyomo ndani ya tangi la chini, na mdomo huo uinuliwe kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni mwa tangi. Chujio la Y libaki kwenye paipu inayoshuka. Na kabla ya kulifunga, mwageni na kusugua matangi yote mawili, kisha mfungue mifereji ya nyumba nzima ikiwa imetolewa vichujio, maji yaende mpaka yatoke matupu. Hapo ndipo chujio jipya lifungwe jikoni, na mlitazame baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu magamba yaliyolegea kwenye paipu yataendelea kushuka kwa muda.