Tupeane uzoefu: mnyama akifa ghafla, nyama mliifanyia nini?

Jambo ndugu zangu wa Goma na Bukavu. Kuna jambo watu wanalimeza kimya: mnyama anakufa usiku mmoja bila kuugua, asubuhi kisu kiko tayari. Naanza na langu.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa upande wa Mugunga. Jioni alikamuliwa vizuri. Alfajiri nikamkuta chini, tumbo limevimba kama ngoma, damu nyeusi inamtoka puani na nyuma, na haikuganda hata jua lilipopanda. Mjomba alikuwa keshanoa kisu, majirani wamefika na masahani. Nyama ile ilikuwa karo ya watoto. Veterinere, daktari wa mifugo, akatuambia kwa simu: "Musimupasue, hiyo ni kimeta." Mzoga ukibaki mzima, bakteria wa kimeta wanakufa humo humo kwa kuoza. Ukiupasua wanapata hewa, wanajivika ganda gumu, na wanaweza kukaa udongoni miaka makumi. Moto wa sufuria hautoshi kuwaua.

Basi tuzike. Lakini Goma mnaijua, ukichimba shibiri mbili umegonga jiwe la volkano. Tukanunua kuni za kujaza chukudu sita, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, tukamchoma mchana kutwa hadi usiku. Maziwa ya jioni yalikuwa bado kwenye bidoni, tukayamwaga motoni. Mjomba hakunisemesha wiki mbili. Kwenu ilikuwaje?

Mama wa Kadutu: Pole sana, yaya, mkubwa wetu. Sisi kule Walungu tulikula. Njaa ilikuwepo, na hakuna aliyetukataza. Mdogo wangu ndiye aliyechuna ngozi. Siku ya nne akatoka kipele mkononi, kama ameumwa na mdudu, kinawasha tu. Kikapasuka, katikati kikawa cheusi tii kama kipande cha makaa, mkono wote umevimba, na bado anasema hakimuumi. Ndiyo maana alichelewa kwenda kituo cha afya. Walimpa antibiotiki akapona. Kovu liko pale, mviringo, nikimwona anaosha vyombo naliona.

Mtoto wa Ziwa: Mlisikia ya viboko wa mbuga ya Virunga, Aprili 2025? Viboko wapatao 50 walikufa kwenye mto Ishasha, ule unaoingia ziwa Edward, na vipimo vikaonyesha kimeta. Watu wa kandokando waliambiwa wasiguse nyama ya porini na wachemshe maji. Mimi nina ndugu wavuvi huko. Kiboko mmoja ni nyama ya kijiji kizima, inaelea mbele yako, bure. Kuiacha ipite si jambo dogo, tusiwahukumu watu.

Papa Bagira: Langu si kimeta. Mbuzi watatu walitupa mimba mwezi mmoja, tukasema uchawi. Kumbe ni bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu. Mke wangu ndiye aliyewasaidia, akashika vile vitoto na kondo kwa mikono mitupu. Baadaye homa ikawa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, kila mara anapewa dawa ya malaria. Miezi inapita. Vipimo vya damu ndivyo vilivyotuambia, na dawa alimeza wiki sita, za aina mbili. Siku hizi navaa glovu, au mfuko wa plastiki nikikosa, na maziwa kwetu hayanywewi mabichi. Najua wengi mtasema maziwa ya kuchemsha hayana utamu. Chemsheni.

Mama wa Kadutu: Papa, hata sisi tulisema uchawi.

Dende wa Panzi: Kwangu dende, wale wanyama wadogo tunaowafuga kwa nyama, kumi na wawili walikufa kwa siku tano, wanaharisha. Niliwatupa kwenye mtaro. Nasoma haya na moyo unanidunda, kwa sababu watoto wanachota maji chini ya mtaro ule.

Mtoto wa Ziwa: Yaya wa Mugunga, mahali mlipochoma, mbuzi wanapita?

Mwanzilishi: Tulizungusha mawe, tukapanda miiba. Kila mwaka kabla ya mvua naita veterinere anachanja wote waliobaki. Mwaka huu mjomba ndiye aliyewashika pembe.